Kushoto Tupu Mpaka kwa Mama Mkubwa

Baba yangu alifundisha watu kuendesha gari maisha yake yote ya kazi, na yeye mwenyewe hakuweza kuendesha. Najua mtu akisikia hivyo atadhani natia chumvi. Sitii. Zamani, kabla sijazaliwa, aliweza, na leseni alikuwa nayo, kila ikiisha muda anaihuisha. Lakini mtu akikaa kiti cha kushoto miaka nenda miaka rudi, ana breki yake na klachi yake ila usukani hana, mwili unasahau. Mikono yake ilishazoea kukaa mapajani. Kazi yake ilikuwa kusema, na wa kushika alikuwa mwingine.

Tulilijua hilo siku gari lilipotakiwa kusogezwa mbele ya duka la jirani, na hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja karibu. Baba aliingia kiti cha dereva, akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akawasha, kisha akatulia. Mama akasubiri. Jirani naye akasubiri, mikono kiunoni. Mwishowe mama akainama dirishani akamuuliza kuna nini.

"Nasubiri maelekezo," baba akasema.

Mama alidhani ni utani, akamwambia haya basi, tia gia ya kwanza, achia klachi polepole. Baba akafanya vilevile alivyoambiwa, kwa heshima zote, na mikono ikarudi mapajani. Gari likapanda baraza la duka taratibu likajilaza kwenye magunia ya mkaa. Jirani alipokuja juu akiuliza ni mwanafunzi gani huyo asiye na akili, baba aligeuka akatazama kiti cha kushoto, akakuta hakuna mwalimu.

Mtaani walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu ya mguu wake. Mguu wa kulia wa baba ulikuwa na maisha yake peke yake. Mama akizidisha sukari kwenye chai, mguu unakanyaga sakafu chini ya meza. Mgeni akianza kumsema mtu vibaya, mguu unakanyaga. Sementi ya pale alipokaa ilikuwa imelika, na mama alipofagia alikuwa akisema hapo ndipo penye ushauri wote ambao mume wake hakuusema kwa mdomo. Kwa mdomo alikuwa mpole mno. Sikumbuki aliwahi kunifokea. Nikikosea, alisema tu, "Tazama kioo kwanza," na mimi nikajua nimekosea.

Sasa, mtu wa namna hiyo akitaka kuipeleka familia yake likizo kwa gari lake mwenyewe, lazima awe na mwanafunzi wa kushika usukani. Na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Wanafunzi wazuri walifaulu wakaenda zao. Aliyebaki mpaka msimu wa likizo ni yule aliyeshindikana, aliyerudia mtihani mpaka wasimamizi wakimwona wanajificha. Kwa hiyo kila mwaka, sisi watatu, baba, mama na mimi, tulifunga virago, tukaweka mikeka na sufuria kwenye buti, kibao cha L kikiwa juu ya paa, tukayakabidhi maisha yetu kwa dereva mbovu kuliko wote mjini.

Mtu atauliza kwa nini mama hakujifunza. Alijifunza, somo moja. Walitoka nyumbani wanacheka, wakarudi kwa miguu, kila mmoja kwa njia yake, na gari likaletwa baadaye na watu baki. Hawakuongea mpaka wiki ikaisha. Tangu siku hiyo mama alisema ndoa yake anaipenda kuliko leseni.

Na mtu atauliza kwa nini tusipande basi kama watu wengine. Hilo ni la Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake mama. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha kwa mshahara wake wa ukunga, akamvika, akamchapa, akampenda. Baba alipokwenda kuposa, alikwenda na gari lake, jipya wakati huo, limeendeshwa na mwanafunzi, na mwanafunzi akaliegesha ndani ya bustani ya mboga ya Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alitoka akamkuta mchumba amekaa kiti cha abiria, ametulia, suti imenyooka, mchicha umelala. Hakumsamehe. Alimwita mdogo wake chumbani akamwambia, na baba akasikia maana ukuta ulikuwa wa mbao, kwamba mwanamume anayekaa kiti cha abiria ndani ya gari lake mwenyewe si wa kuolewa naye. Mama akasema ataolewa naye wala hajutii. Basi Mama Mkubwa akatoa neno lake: "Siku huyo mtu wako atakayokuleta kwangu kwa gari hilo, mpaka ndani ya geti, nitasimama mbele ya majirani niseme nilikosea." Mama akajibu kwamba atakuja hivyo, na hatakuja vinginevyo.

Hayo yalisemwa kwa hasira, na hasira zikaisha, lakini neno likabaki. Mama Mkubwa alihamishiwa kazi kando ya ziwa, akajenga huko, akastaafu huko, na mama hakuwahi kuiona hiyo nyumba. Walipigiana simu kila jioni. Walielezana walichopika, nani kaugua, nani kaoa, walicheka mpaka simu ikaisha chaji. Ila mama kupanda basi kwenda kwake, hapana, maana ingekuwa amekwenda kumwambia dada yake kwamba alisema kweli. Na Mama Mkubwa kuja kwetu, hapana vilevile, maana mdogo ndiye humwendea mkubwa. Vichwa vigumu wote wawili, vimetoka tumbo moja.

Basi kila likizo safari yetu ilikuwa ni hiyo hiyo moja, kwa Mama Mkubwa, ziwani, asubuhi twende jioni tuwe tumefika. Wala si mbali.

Mwaka wa kwanza ninaoukumbuka alituendesha muuguzi wa kiume ambaye hakuwahi kuvuka gia ya pili. Gia ya tatu aliiona ni majivuno. Alitupita mtu wa baiskeli aliyebeba godoro, kisha akapunguza mwendo akaanza kuzungumza na mama dirishani, wakapiga soga mpaka wakagundua wamesoma shule moja. Jioni ilitukuta kwenye tanuri la matofali ambalo kutoka nyumbani kwetu unauona moshi wake. Baba alishuka, akanyoosha mgongo, akasema pana hewa nzuri. Tulikaa hapo likizo nzima. Nilijifunza kufyatua matofali, na mama akampigia dada yake simu amesimama katikati ya moshi anakohoa.

"Mmefika wapi?" Mama Mkubwa akauliza.

"Tupo njiani," mama akasema.

Mwaka mwingine ilikuwa zamu ya karani mstaafu, mzee nadhifu aliyetii kila kibao alichokiona barabarani, hata cha kutangaza sabuni alikisimamia akakisoma mpaka mwisho. Tulipofika kwenye mizani ya malori, penye kibao kikubwa kinachosema magari yote ya mizigo yaingie, karani aliangalia nyuma. Akamwona mama, akaniona mimi, akaona sufuria na mikeka, akawasha indiketa akaingia. Baba alimwambia kwa upole kwamba sisi si mizigo. Karani akasema hilo si juu yetu kuamua. Nyuma yetu likaingia lori la saruji, mbele lipo la mbao, na somo la kurudi nyuma karani alikuwa hajalifikia. Baba hakuwa mtu wa kuruka somo.

Basi likizo ile tuliifanyia pale mizani. Usinicheke. Palikuwa na nyumba ya kupumzikia madereva wa malori, na mke wa mpima mizani alitupokea kama ndugu waliopotea. Kila asubuhi mpima alikuwa akitupima na gari letu, bure, kwa kututania, na kila asubuhi anamwambia baba mzigo umeongezeka, mama watoto anapendeza. Mama alicheka mbele yake. Nikaja kumkuta nyuma ya nyumba ameshika simu, amemaliza kuongea, anaitazama tu. Nilimuuliza Mama Mkubwa amesema nini. Akaniambia amesema alikuwa ameshatandika kitanda cha wageni, sasa anakitandua. Mama alijikaza, lakini mdomo ulimcheza, na mimi niliumia sana kumwona vile.

Lakini ukiniuliza mahali nilipopapenda kuliko pote nilipowahi kwenda, na nimekwenda sehemu tangu hapo, hoteli na ndege na kila kitu, nitakuambia kipilefti. Mwaka huo dereva alikuwa mwokaji mikate, mnene, mpole wa kupitiliza. Aliingia kwenye kipilefti kikubwa cha mji wa pili vizuri kabisa, baba akamsifu. Tatizo lilikuwa kutoka. Kila alipotaka kutoka aliona gari la mwenzake, akampisha, na mwenzake akiondoka, aliona nafasi yenyewe imeshapita. Tukazunguka. Baba alikuwa na kanuni kwamba mwanafunzi halazimishwi.

"Toka ukiwa tayari," akamwambia.

"Sijawa tayari, Mwalimu."

"Hakuna haraka."

Mama akatoa mayai ya kuchemsha tukala tukizunguka. Trafiki mmoja alitupigia saluti mara za mwanzo, baadaye akaacha, akawa anatikisa kichwa tu. Petroli ilipoisha, tulisukuma gari likapanda kwenye majani ya katikati, na pale katikati, jamani, palikuwa na bustani. Maua, benchi, bomba la maji, kivuli cha miti iliyokatwa vizuri, na hakuna mtu aliyewahi kufika maana nani atavuka magari yale yote? Mtunza bustani alikuwa peke yake pale siku zote na alifurahi kupata wageni mpaka akatuonyesha kila ua kwa jina. Tulitandika mikeka, tukapika. Ulimwengu mzima ulikuwa unatuzunguka na sisi tumekaa. Baba alivua viatu, na ndiyo mara ya kwanza kuuona mguu wake wa kulia umetulia. Shuleni niliandika insha ya likizo yangu nikaeleza hayo yote, na mwalimu akaniandikia kwa wino mwekundu kwamba uongo nao una mipaka.

Ile simu ya kipilefti mama aliipiga akiwa kwenye benchi, na Mama Mkubwa alicheka mpaka sisi wote tukasikia. Kisha akasema, si kwa ubaya, "Mdogo wangu, mimi nazeeka." Mama akakata simu akaenda kumsaidia mtunza bustani kumwagilia maua ambayo tayari yalikuwa yameloa.

Halafu ikaja simu ya jirani. Ilikuwa mchana, mama anapiga pasi. Jirani wa Mama Mkubwa alisema mzee ameanguka jikoni, hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo miguu imekataa. Anashinda barazani kwenye kiti, anashikwa kwenda, anashikwa kurudi, na chakula hataki. Mama aliweka pasi chini akasahau kuichomoa. Shati la baba likaungua mgongoni.

Jioni baba alikaa mezani mguu umetulia. Akasema, "Mama, panda basi kesho asubuhi. Mimi sitaona vibaya. Nasema kweli."

Mama akamgeukia. "Wewe hutaona vibaya," akasema. "Mimi je? Niingie kwa dada yangu na kikapu cha basi, nimkute kwenye kiti, nimwambie nini? Kwamba maisha yangu yote niliyokaa na wewe alikuwa sahihi? Siendi na basi. Utanipeleka." Kisha akalia kwa sauti, na baba akabaki ameshika meza kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta usukani.

Kesho yake akamwendea Fundi Mapazia.

Fundi Mapazia alikuwa mshonaji wa mapazia, mwembamba, futi ya kupimia imening'inia shingoni hata akiwa ndani ya gari, na kwa kweli alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote waliowahi kutuendesha. Gia alizipanda zote. Alirudi nyuma kama anavuta uzi. Kitu kimoja tu hakukiweza, kukata kona ya kulia. Si kwamba hakujua. Hakutaka. Ukikata kulia, alisema, unawakatia njia watu wanaokuja mbele yako, watu waliotoka makwao salama, hawajakukosea kitu. "Mimi sina ugomvi na mtu, Mwalimu," alikuwa akimwambia baba. Kwa sababu hiyo alikuwa ameshafeli mpaka ikawa kawaida yake, na alikuwa anaishi kwa kushoto tupu. Kwenda dukani kwake alizunguka nusu ya mji.

Njia ya ziwani inachepuka kulia kwenye barabara kuu. Kila mtu anajua. Lakini baba alikuwa amekaa usiku na mchana na kadhia hiyo, akapanga viti vya sebule vikawa barabara, na birika la chai likawa gari. Hatukati pale, akamwonyesha Fundi Mapazia. Tunapita moja kwa moja, tunaiacha njia ya ziwani upande wa kulia, tunaenda mpaka kipilefti, tunakizunguka, tunarudi tulikotoka, na sasa njia ya ziwani ipo wapi? Fundi Mapazia akatazama birika, akatazama viti.

"Kushoto," akasema, na uso ukamng'aa.

Wallahi, ilifanya kazi. Sijawahi kuona baba amekaa wima vile. Tuliupita mchepuko, mama akaugeukia shingo yake yote mpaka ulipopotea. Tulikifikia kipilefti, Fundi Mapazia akaingia, akazunguka, akatoka bila kusita, na mimi pale nyuma nikapiga makofi peke yangu. Tukarudi. Indiketa ikawaka, kushoto, polepole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu gari letu likaikanyaga njia ya ziwani. Mama alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, amekaa katikati ya kiti hajaegemea popote. Alikuwa ananong'ona kitu. Nikadhani anasali, kumbe anarudia maneno atakayomwambia dada yake.

Barabara ikashuka, maji yakaonekana, ikajikunja kushoto kufuata ufuko. Nyumba zilikuwa upande mmoja tu, kati ya barabara na ziwa. Mama aliijua nyumba ya dada yake kwa maelezo ya simu, rangi ya mlango, geti la chuma, baraza lenye nguzo mbili. "Ile pale," akasema, akanyoosha kidole.

Ilikuwa kulia.

Fundi Mapazia alisimamisha gari kando ya barabara, upande wetu, mkabala kabisa na geti. Geti lilikuwa wazi. Magari yalikuwa yanakuja kutoka mbele mfululizo, mabasi, malori ya samaki, pikipiki. Na ng'ambo ya pili, barazani, kwenye kiti cha mbao chenye mto, amekaa bibi mwembamba amejifunga khanga, anatutazama. Sikuwahi kumwona, lakini alikuwa na paji la uso la mama.

Baba akajaribu. "Indiketa ya kulia," akasema kwa upole. Fundi Mapazia akaiwasha, akatazama magari yanayokuja, akatazama nyuso za madereva moja moja, akaizima. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwalimu, naomba radhi," akasema. "Huku hakuna kipilefti, lakini niko tayari kuzunguka ziwa lote tuje kwa upande ule."

"Ziwa lote ni nchi nyingine," baba akasema.

Mimi nilimwambia mama ashuke tu, tuvuke kwa miguu, ni hatua chache, si tumeshafika na gari? Mama akasema ndani ya geti. Neno lilikuwa ndani ya geti. Akanituma mimi. Nilivuka, nikaangalia kulia na kushoto kama nilivyofundishwa tangu nikiwa tumboni, nikamsalimia shikamoo, nikampa ujumbe kwamba gari linakuja sasa hivi.

Mama Mkubwa akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku. "Wewe ndiye wa kipilefti," akasema. "Mwambie mama yako ashuke."

Nilivuka nikamwambia. Mama akasema nimwambie asubiri kidogo. Nilivuka nikamwambia. Mama Mkubwa akasema ameshasubiri mpaka miguu imeisha, mwambie ashuke aje anisalimie, yaliyopita yamepita. Nilivuka. Mama akasema hayajapita. Nilivuka tena. Majirani walikuwa wameanza kutoka, mmoja ana mwiko mkononi, na wenye maduka wamesimama vizingitini, kila mtu anatazama wazee wawili wanaotazamana barabara ikiwa katikati, na msichana anayekwenda na kurudi kama kibarua. Nilichoka. Mara ya mwisho nilimwambia Mama Mkubwa ukweli, bila kutumwa. Nilimwambia dereva hakati kulia, na baba hawezi kuendesha, na mama amesema bora arudi nyumbani bila kumwona kuliko aingie kwa miguu, na amevaa gauni zuri, na analia.

Mama Mkubwa akainua macho. Akamtazama baba, ambaye alikuwa ameketi kiti cha abiria ndani ya gari lake mwenyewe, suti imenyooka.

"Nipe mkono," akaniambia.

Jirani aliyezoea kumshika akapiga hatua aje, Mama Mkubwa akamwashiria akae. Akasimama. Miguu ilikuwa inamtetemeka chini ya khanga na uzito wake wote ulikuwa begani kwangu. Tukashuka baraza, tukapita geti, tukafika ukingoni mwa barabara, na hapo akasimama, maana magari yalikuwa mengi na hakuna hata moja lililopunguza mwendo. Akapaza sauti, sauti ya mkunga aliyezoea kuamrisha watu wenye uchungu, mtaa mzima ukasikia.

"Shemeji," akaita. "Nifanyeje?"

Maisha yake yote hakuwahi kumwita baba shemeji. Alikuwa akisema huyo mtu wako.

Baba akashuka. Akaenda katikati ya barabara, akasimama ametanua mikono yote miwili, lori la samaki likafunga breki mbele ya kifua chake, na nyuma yake basi, na upande wa pili pikipiki zote zikarundikana. Honi zikalia, kisha madereva wakamwona bibi kizee, zikanyamaza moja moja.

"Tazama kulia," baba akasema, kwa ile sauti yake ya darasani. Mama Mkubwa akatazama kulia. "Tazama kushoto. Kulia tena. Sasa njoo, polepole, hakuna haraka."

Akaja. Alimtii kila neno. Tulivuka kwa muda mrefu kuliko safari ya muuguzi, na hakuna dereva aliyepiga honi. Baba hakushusha mikono.

Nikamfungulia mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameganda ndani, ameshika kiti cha mbele. Mama Mkubwa akaingiza mguu mmoja, kisha mwingine, akakaa kando ya mdogo wake, akahema. Hawakukumbatiana. Mama Mkubwa akaiweka sawa khanga yake, akamgonga Fundi Mapazia begani kwa kidole.

"Wewe, dereva. Nipelekeni nyumbani kwangu. Geti lile pale."

Fundi Mapazia akatazama mbele. Barabara yote ilikuwa imesimama. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayekuja ambaye angemkatia njia. Akatazama tena, kuhakikisha, kisha akawasha indiketa, akazungusha usukani kulia, na gari letu likavuka taratibu likaingia ndani ya geti, baba anatembea kando yake, mkono juu ya paa penye kibao cha L.

Majirani wote walifuata mpaka getini. Mama alishuka, akazunguka, akamfungulia dada yake mlango, akamshika kiuno, wakasimama pale wawili, mashavu yamelowa. Mama Mkubwa akawatazama watu. Akakohoa kusafisha koo, akamsukuma mdogo wake kidogo ili asimame mwenyewe, akafungua mdomo aseme.

Mama akamziba kwa kiganja chake.

"Usiseme, dada," akasema. "Twende ndani ule."